Nilipaka rangi ukuta unaokunywa maji

Nyumba ni moja, kuta zilezile, na nimezilipia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza zilikwenda shilingi 134,000. Mara ya pili 149,000, na katikati nikapoteza kodi ya miezi minne. Tangu hapo wamenijia jamaa watatu wanaotaka kununua nyumba kuukuu Lamu, waitie rangi, waipangishe, na kila mmoja namwona anaanza palepale nilipoanzia mimi: dukani, kadi ya rangi mkononi.

Nyumba iko Langoni, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu. Ilikuwa ya marehemu mama. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Nairobi na mwingine Muscat, hawakuwa na haja nayo, basi mwanzoni mwa 2023 nikachukua mkopo wa chama cha akiba nikanunua mafungu yao. Marejesho ni 17,000 kwa mwezi. Nikapiga hesabu kwamba nikiipangisha na vyombo vyake kwa 25,000, nyumba itajilipa yenyewe na kitabaki kidogo cha matengenezo. Kazi yangu ni uhasibu, naifanyia Mombasa, na hesabu hiyo hadi leo sioni kosa lake. Kosa lilikuwa kwenye kuta.

Kwa asiyezijua nyumba zetu: kuta ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene wake karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba navyo huwa virefu na vyembamba. Juu kabisa kuna paa tambarare la chokaa, na maji ya mvua hutokea kwenye mlizamu uliochomoza nje ya ukuta. Choo cha juu kina birika la zamani la kuhifadhia maji, lile ambalo mama alikuwa akiweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Haya yote nayajua tangu utotoni. Sikuyahusisha na rangi hata kidogo.

Nilipofungua mlango Julai, mvua za masika zilikuwa zimekwisha si zamani. Ukuta wa sebule ulikuwa na madoa kutoka sakafuni hadi kiunoni, plasta inapukutika ukiigusa, na juu yake kuna kitu cheupe laini kama unga wa ngano. Nikaufagia ule unga, nikaujaza kwenye beleshi, nikasema moyoni: uzee. Haukuwa uzee. Ilikuwa chumvi, na laiti ningeuonja kwa ncha ya ulimi siku ile ningeokoa pesa nyingi.

Nilikuja na fundi wangu kutoka Mombasa, kijana hodari, amepaka fleti nyingi na kazi yake nimeiona kwa macho. Simlaumu. Yeye alifanya nilichomwagiza, nami nilimwagiza kwa haraka, kwa sababu nilitaka nyumba iwe tayari kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Maulidi ya Lamu watu humiminika kutoka kila upande wa pwani, na kila kitanda hupata mgeni. Basi mpango ukawa kukwangua, kuziba kwa simiti palipobomoka, kupiga andakoti, yaani rangi ya chini ya kutangulia, halafu mikono miwili ya silki, ile rangi ya plastiki yenye mng'ao. Nilichagua silki kwa sababu muuzaji aliniambia inaoshwa kwa kitambaa, na nilikuwa nawafikiria watoto wa wapangaji.

Ndoo sita za lita 20, kila moja 7,500. Mafundi wawili siku 18, kila mmoja 1,400 kwa siku. Simiti, mchanga na mtu wa kupiga plasta 17,000. Msasa, brashi, rola, andakoti na vikorokoro 12,000. Usafiri 9,600. Huo usafiri msiuchukulie wepesi: kutoka gari hadi boti Mokowe, upande wa bara, kutoka boti hadi gatini, kutoka gatini hadi mlangoni kwa punda, na kila kituo kina mkono wake wa kulipwa. Ukisahau brashi ya inchi mbili ukaitaka ya Mombasa, hiyo brashi itakugharimu kama kiatu. Andika kila kitu, soma orodha mara mbili, agiza mara moja. Na rangi ya aina moja ikiwa kwenye ndoo kadhaa, zimimine kwanza kwenye chombo kimoja kikubwa uzichanganye, maana ndoo na ndoo huweza kupishana kidogo, na ukuta mrefu wa Kiamu hauna pembe ya kuificha tofauti.

Simiti hutaka kama siku 28 kabla ya kupakwa. Sisi tulipaka siku ya nne.

Rangi yenyewe ilikuwa krimu. Niliichagua chini ya taa kali za dukani Mombasa, ikanipendeza. Langoni, ambako ukinyoosha mikono mitaani unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili, mwanga huingia sebuleni umeshachoka. Krimu ikageuka rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Siku hizi nanunua kopo dogo, napaka kipande cha kama mkeka wa kuswalia, nakitazama asubuhi, nakitazama tena baada ya alasiri, ndipo naagiza.

Kuna vidaka pia, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu. Ukuta wa ndani una safu ya vidaka vilivyonakshiwa kwenye plasta ya chokaa, kazi ya mikono ya watu waliokwisha kufa zamani. Kijana akavipiga mikono miwili ya silki kama alivyopiga ukuta mwingine wowote, na mistari ya nakshi ikajaa rangi, ikawa kama maandishi yaliyofutwa kwa kidole. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa palepale nahesabu risiti.

Na baraza. Hii naisimulia kwa aibu. Baraza ya nje tuliipiga rangi ya mafuta, kijivu, ili isichafuke. Ilikuwa Alhamisi. Kulikuwa na unyevu, rangi ya mafuta haikukauka kama tulivyotarajia, na Ijumaa baada ya sala mzee mmoja jirani akaja kukaa mahali ambapo amekaa maisha yake yote. Aliposimama, kanzu yake nyeupe ilikuwa na mistari miwili ya kijivu nyuma. Hakugomba. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Haidhuru, mwanangu," akaenda zake taratibu. Kanzu mpya ilinigharimu 2,500, ambazo hazimo kwenye ile 134,000, na kwa wiki nzima hakuna mzee aliyekaa pale. Baraza si ya mwenye nyumba peke yake. Ukitaka kuipaka, waambie watu, weka kamba, weka hata kiti kilichopinduliwa.

Hata hivyo nyumba ilipendeza. Nilipiga picha, nikazituma kila mahali. Maulidi nikapata wageni wa wiki moja, na Oktoba akaingia mpangaji, mwalimu wa kike aliyehamishiwa huko. Akalipa mwezi wa kwanza na amana.

Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa za El Nino. Mapema Desemba mwalimu akanitumia picha kwenye simu na maneno machache: "Dada, ukuta unatoka malengelenge." Nikaipanua picha. Kweli yalikuwa malengelenge, makubwa kama sahani za chai, silki imevimba kama ngozi iliyoungua. Akaniambia amelitoboa moja kwa sindano, likatoka maji. Juu ya kile kiraka cha simiti, doa ambalo zamani lilikuwa kiunoni lilikuwa limefika mabegani. Kabatini nguo zake zilianza kunuka uvundo. Mwisho wa Januari akahama, kwa adabu zote, na amana yake nikamrudishia yote kwa sababu sikuwa na uso wa kukata hata senti.

Nilikuwa tayari kuagiza ndoo nyingine na dawa ya kuzuia unyevu ya kupaka juu. Jirani, Bi mkubwa wa nyumba ya pili, ndiye aliyeniambia nisinunue chochote mpaka nimwite mzee mmoja, fundi wa chokaa tangu ujana wake. Alikuja na mjukuu wake, mikono mitupu. Hakuwa hata na futi. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, tok tok tok, akasogea, tok tok, kisha sauti ikabadilika ikawa kama ya kugonga kibuyu. Akaniambia nigonge mwenyewe. Pale plasta ilikuwa imeachana na jiwe, imesimama kwa sababu tu rangi imeishikilia. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda.

"Mwanangu, ukuta huu wanwa mai," akasema kwa Kiamu, yaani unakunywa maji.

"Basi tuuzibe, ami."

Akacheka. "Umeuziba. Ndiyo maana walia."

Alinieleza huku akibandua silki kwa mkono, inatoka mapande mapande kama ganda la yai la kuchemsha. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, na siku zote huyarudisha hewani kupitia plasta yake. Chokaa huyapitisha. Simiti huyazuia, rangi ya plastiki huyazuia, na maji yakizuiwa hupanda juu kutafuta pa kutokea. Njiani yamebeba chumvi. Maji yakikauka nyuma ya rangi, chumvi huganda ikawa punje, punje hukua, na zikikua husukuma chochote kilicho mbele yake. Ule unga niliokuwa nimeufagia Julai ulikuwa ukuta unanionyesha pa kuangalia.

Akanifundisha na jambo dogo ambalo sasa nalifanya katika kila nyumba ninayoitiwa kuitazama. Unachukua kipande cha nailoni kinachoonyesha, cha ukubwa wa kitabu, unakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, unakiacha siku moja na usiku wake. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha. Cha kwangu kilikuwa na matone ndani kabla hata ya magharibi.

Kisha tukatafuta maji yanatoka wapi, na hapo ndipo nilipojionea haya, maana yote yalikuwa yanaonekana kwa macho. Mlizamu ulikuwa umevunjika kichwa, kwa hivyo badala ya kurusha maji mtaani ulikuwa unayamwaga kwenye uso wa ukuta. Birika la juu lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Mzee akachomoa kisu kidogo akachoma mwisho wa boriti, pale unapoingia ukutani chini ya choo. Kisu kiliingia hadi mpini, kama kwenye kiazi kikuu kilichoiva. Boriti tatu ziliharibika hivyo. Nami nilikuwa nimezipaka nyeupe zikang'aa.

Kwa ukuta wa nje na mlizamu nilipita kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na uso wa nje wa nyumba haubadilishwi kienyeji. Nilikwenda kwa hofu nikidhani nitarudishwa nyuma. Waliponieleza kwamba nje isiguswe kwa simiti, nikawa nasikia yaleyale ya mzee, safari hii kutoka kwa mtu aliyeshika faili.

Februari yote hatukupaka chochote. Tulirekebisha paa na mlizamu, tukaziba birika, tukabadilisha boriti tatu. Hizo kwa jumla 31,000. Tukabomoa simiti yote na plasta iliyokufa, mpaka jiwe, nusu mita juu ya pale doa lilipoishia, tukaacha kuta zikiwa uchi, madirisha wazi, kaskazi inapita ndani. Kila siku nyumba inakaa bila mpangaji, na marejesho ya 17,000 yanatoka mfukoni mwangu. Nilikuwa nampigia simu mzee kila Jumamosi: tayari? Bado. Tayari? Bado.

Chokaa tuliyonunua ni ya magunia, 30 ya kilo 25, na kila gunia likifika mlangoni limeshakula 900. Aliiloweka kwenye mapipa wiki mbili nzima, akaifunika na maji ikawa kama siagi. Mchanga hakutaka wa ufukweni hata kidogo, na maji ya kisima cha uani aliyaonja akayatema, yana chumvi. Akatumia ya bomba, yatokayo kwenye visima vya Shela. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Safu nyembamba, ukuta unarushiwa maji kwanza, kisha magunia mabichi yanatundikwa mbele yake ili usikauke kwa pupa. Ramadhani ilituingilia katikati, kwa hivyo kazi ilikuwa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Mzee 2,000 kwa siku, mjukuu 1,000, siku 24.

Nilijaribu kusaidia kupaka chokaa ya mwisho, ile nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza ukipakwa huoni kitu, ukuta unaonekana tu umelowa, nikadhani nimeibiwa. Mpaka ukauke ndipo weupe unakuja. Tulipiga mikono mitano. Siku ya pili tone liliniruka jichoni, na sitamani hata adui yangu. Chokaa inaunguza. Nilioshwa kwa maji ya bomba zaidi ya robo saa, nikaenda hospitali na jicho jekundu kama pilipili. Miwani ya kazi naambiwa haifiki hata 300. Nunua kabla hujanunua brashi.

Vidaka alivisafisha mwenyewe. Aliichonga njiti ya mti, akakaa kwenye kigoda, akawa anatoa silki kwenye nakshi mstari mmoja mmoja, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Siku tatu. Hakutaka ziingizwe kwenye hesabu, na nilipomlazimisha alisema hizo ni za mama yako.

Sasa, si kila kitu kilihitaji chokaa na subira. Kuna vitu vidogo tulivyofanya kwa siku mbili ambavyo mpangaji huviona kabla ya ukuta. Bawaba za milango tulizitia mafuta na tatu tukazibadilisha, kwa sababu hewa ya bahari ilikuwa imezila. Vitasa vikawa vya shaba badala ya chuma cha bei rahisi, ambacho Lamu huota kutu mapema. Nyavu mpya za madirisha. Taa za mwanga wa manjano sebuleni, si zile nyeupe za hospitali. Mlango mkubwa wa kuchonga, ambao kijana wa Mombasa alikuwa ametaka kuupiga vanishi inayong'aa na namshukuru Mungu pesa ziliniishia, tuliuosha kwa brashi laini na kuupaka mafuta ya mbao. Chooni tulikwangua simiti nyeusi katikati ya vigae tukaweka nyeupe. Hivi vyote ni kama 14,000, nje ya ile 149,000, na picha zilizomleta mpangaji wa pili karibu zote ni za mlango, taa na vidaka.

Chokaa ina kasoro yake, nisiwafiche. Ukiiegemea inakuachia nyeupe mgongoni. Nyuma ya viti na kitanda nimetundika mikeka, na mahali pa mikono ya watoto, ubavuni mwa ngazi, nimeweka ubao. Pia haioshwi kwa kitambaa. Ikichafuka unapaka tena, na kupaka tena ni gunia moja na kazi ya nusu siku.

Aprili na Mei 2024 zilinyesha mvua ambazo watu wa Kenya hawajazisahau. Nyumba ilikuwa tayari baada ya Idi, lakini nilikataa kuipangisha Mei. Nilitaka ninyeshewe mimi kwanza. Nilichukua likizo ya wiki moja, nikalala humo, na kila mlizamu ulipoanza kuunguruma usiku niliamka na tochi nikapitisha kiganja ukutani kama mzee. Kulikuwa na ubaridi, lakini hakuna maji. Isipokuwa mahali pamoja, chini ya ngazi, pana doa la ukubwa wa siniya. Nikampigia.

"Hapo ni ardhi, mwanangu. Hapo patakuwa hivyo siku zote. Papake chokaa kila Februari."

Juni akaingia familia ya watu wanne, 25,000, na wapo mpaka leo. Mama wa familia hiyo aliniuliza kile kidoa cha chini ya ngazi ni nini, nikamwambia, akasogeza kapu la viatu mbele yake.

Nilibakiwa na ndoo moja na nusu ya silki. Mzee aliniomba, nikampa yote, nikadhani ana nyumba ya kupaka. Alipaka banda la kuku, la mbao, na likatoka zuri sana kwa kweli, krimu yake imekaa vizuri juani. Ndoo zenyewe aliziosha. Moja ameniletea, iko chini ya ngazi karibu na lile kapu, ubavuni ina picha ya sebule ya kifahari na mwanamke anayecheka, na ndani imejaa chokaa iliyofunikwa na maji inayongoja Februari.